Namna ya Kuifuatilia Herufi Moja ya Kichina: Mfano wa Herufi ya Chai

Katika kabati la vyombo la marehemu bibi yangu, mtaani Ng'ambo, Unguja mjini, palikuwa na kopo jekundu la bati ambamo alitia sindano, nyuzi na vifungo, na ubavuni mwa kopo hilo palichorwa alama moja nyeusi, kubwa kama kiganja cha mtoto: 茶. Alipewa na daktari mmoja wa Kichina, kwani madaktari wa jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu mwaka 1964, na si nyumba chache za Unguja na Pemba zilizobakiwa na kopo, chupa ya chai au picha ya ukutani kutoka kwao. Bibi alisema kuwa alama hiyo ni kibanda kilichoezekwa kwa majani. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kujifunza Kichina, nilielezwa kwa uhakika mkubwa zaidi kwamba ni mtu aliyesimama baina ya majani na mti, kwa sababu chai ni binadamu kuwa katikati ya mimea. Maelezo yote mawili yanapendeza, na yote mawili si kweli.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kujua herufi ya Kichina ilitoka wapi, na ilipata maana gani ilipofika Japani, Korea na Vietnam, bila ya kutegemea hadithi za aina hiyo. Nitaifuata herufi ya chai karibu mpaka mwisho, kwa sababu neno letu wenyewe la "chai" ni mjukuu wake, na kwa sababu njia inayofaa kwa herufi moja hufaa kwa nyingine. Huhitaji kujua Kichina. Unahitaji simu yenye intaneti, daftari, na tabia ya kumuuliza kila msimulizi: hayo yameandikwa wapi, na lini?

Ipate kwanza herufi yenyewe

Kosa la mwanzo hutokea kabla ya utafiti kuanza, nalo ni kufuatilia herufi isiyokuwa hiyo. Weka katika simu kibodi ya Kichina ya kuandika kwa kidole, uichore herufi kama unavyoiona, kisha uchague ile inayolingana nayo kabisa miongoni mwa zitakazoletwa. Kamera ya programu ya kutafsiri inaweza kukufanyia kazi hiyo, lakini programu hizo hukisia, na zinapokisia hazikwambii. Kwa herufi ya chai hatari ni kubwa kwa sababu ina pacha: 茶 na 荼. Ziangalie tena, taratibu. Ya pili ina mstari mmoja wa mlalo zaidi, chini ya ile sehemu iliyokaa kama paa, na kwa ajili ya mstari huo husomwa tú, si chá. Kila herufi ina namba yake katika kompyuta. Ya kwanza ni U+8336 na ya pili ni U+837C, na kuziandika namba hizo daftarini ni kinga nzuri kwa mtu ambaye macho yake bado hayajazoea.

Ukishaipata, ihesabu mistari yake na uigawe vipande. Kamusi ya Kangxi, iliyokamilika mwaka 1716 ikiwa na herufi zaidi ya 47,000, ilizipanga zote katika makundi 214 kwa kufuata kipande kimoja cha kila herufi, na kamusi nyingi za leo, ziwe za China, Japani au Korea, bado zinaufuata mpango huo. Herufi ya chai imo katika kundi la 140, kundi la majani, kwa sababu ya kile kipande cha juu, 艹. Ukikiondoa hicho hubaki mistari sita. Kundi hukuonyesha shamba ambamo herufi imeota tu, yaani mambo ya mimea, kwa hiyo usiichukue kuwa ndiyo maana yenyewe. Kundi la majani lina maua, dawa, mboga na hata herufi kadhaa ambazo uhusiano wake na mimea umeshasahaulika.

Umbo la kale, na kwa nini hadithi ya mtu na mti haisimami

Herufi chache za Kichina ni picha. Zilizo nyingi zimeunganishwa kwa vipande viwili, kimoja kikidokeza maana na kingine kikidokeza sauti, na mwenye kusahau jambo hili ataona watu, paa na miti mahali ambapo mwandishi wa kale aliweka sauti tu. Ndiyo maana hatua ya pili ni kwenda kwenye kamusi ya zamani kuliko zote zinazochambua herufi kwa vipande, yaani Shuowen Jiezi ya Xu Shen, iliyomalizika mwaka 100 BK ikiwa na herufi 9,353. Maandishi yake yanapatikana bure katika intaneti, na huhitaji kuyasoma yote; unabandika herufi yako katika sehemu ya kutafutia na kungoja.

Bandika 茶. Haimo. Wengi hukata tamaa hapa na kurudi kwenye hadithi, ilhali kutokuwamo ndiyo habari yenyewe: mwaka 100 watu hawakuwa wakiiandika hivyo. Sasa mbandike pacha wake, 荼. Yumo, na Xu Shen anasema kuwa ni mmea mchungu, wenye kipande cha maana cha majani na kipande cha sauti cha 余. Katika karne ya 10, Xu Xuan aliyeihariri kamusi hiyo aliongeza maneno machache chini yake: hii ndiyo herufi ya sasa ya 茶. Kwa hiyo kile kinachoonekana kama mtu ni kipande cha juu cha 余 kilichobaki baada ya mstari mmoja kuondolewa, na kinachoonekana kama mti ni mkia wake. Hakuna mtu pale, wala mti, wala kibanda cha bibi.

Utajuaje kwamba 余, ambayo leo husomwa yú, inaweza kuwa sauti ya tú? Zitafute ndugu zake wenye kipande hichohicho. Utakuta 途 yenye maana ya njia, isomwayo tú; 塗 yenye maana ya kupaka, isomwayo tú pia; na 除 yenye maana ya kuondoa, isomwayo chú. Katika ukoo mmoja mna t na ch, na jambo hilo litatufaa baadaye. Ningependa msomaji aifanye kazi hii ya ndugu kila mara, kwani ndiyo inayompa mtu asiyekuwa mtaalamu ushahidi wa kushika mkononi.

Kuna maandishi ya zamani kuliko kamusi hiyo, yakiwemo yale ya mifupa ya kupigia ramli iliyotambuliwa mwaka 1899 na iliyochimbwa karibu na mji wa Anyang, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Kwa herufi nyingi hatua ya kuitafuta mifupa hiyo ni ya lazima. Kwa 茶 haina faida, na ukionyeshwa "umbo la mifupa ya ramli" la herufi hii fahamu kuwa umeonyeshwa mchoro wa jana.

Ila pacha mwenye mstari wa ziada ana historia ndefu. Katika mashairi ya kale ya China 荼 ni mboga chungu, na mahali pengine ni maua meupe ya matete. Lini basi ikawa chai? Mwaka 59 KK mtu aitwaye Wang Bao alitunga mkataba wa mzaha wa kumnunua mtumwa, akaorodhesha kazi zote za kumchosha, na miongoni mwazo mtumwa anatakiwa achemshe 荼 na kutayarisha vyombo vyake, na tena aende Wuyang, huko Sichuan, kununua 荼. Hapa msomaji apime mwenyewe. Mboga chungu ya kando ya njia haimpeleki mtu safari ya kwenda mji mwingine kuinunua, wala haina vyombo vyake maalumu. Kwa sababu hiyo wengi huyasoma maneno haya kuwa ni ya chai. Maana ya herufi ya zamani hupimwa kwa namna hii, kwa kuangalia kitu hicho kilinunuliwa wapi, kilitiwa katika chombo gani na kilifanyiwa nini.

Na mstari uliondoka lini? Swali hili alilijibu Gu Yanwu, mwanachuoni aliyeishi kati ya 1613 na 1682, na jibu lake ni somo kwa kila anayefanya kazi hii. Alikwenda Mlima Tai kuyasoma maandishi ya enzi ya Tang yaliyochongwa katika mawe. Jiwe la mwaka 779 lilikuwa na neno la chai likiwa bado na mstari wa ziada, na la mwaka 798 vivyo hivyo. Kisha akalitazama bamba la mwaka 841 lililoandikwa na Liu Gongquan na jingine la mwaka 855 lililoandikwa na Pei Xiu, na katika yote mawili mstari haupo. Akakata shauri kuwa badiliko lilikuja baada ya katikati ya enzi ya Tang. Jambo la kuvutia ni kwamba Lu Yu (733 hadi 804), aliyeandika kitabu cha kwanza kinachohusu chai peke yake, anasema kuwa umbo la 茶 limetoka katika kamusi ya enzi ya Kaiyuan, yaani kati ya 713 na 741. Kwa hiyo kamusi ilitangulia na patasi ikachelewa, na wala hakuna ugomvi baina ya ushahidi huu na ule: mtu akipewa tahajia mpya leo, fundi wa mbao za maduka ataendelea na ile aliyoizoea mpaka aje mwanafunzi wake.

Sauti: afisi na ofisi, skuli na shule

Herufi ya Kichina haikuandikwa kwa kufuata sauti kama maandishi yetu, kwa hiyo kila zama na kila nchi iliisoma kwa ulimi wake. Mahali pa kuanzia ni kamusi za vina, hasa Guangyun ya mwaka 1008, ambazo hueleza matamshi kwa herufi mbili nyingine: unachukua mwanzo wa ya kwanza na mkia wa ya pili. Kwa chai zimewekwa 宅 na 加. Wataalamu waliozilinganisha herufi kama hizo kwa maelfu wanatuonyesha kwamba konsonanti ya mwanzo ilikuwa mfano wa d, ulimi ukiwa umepindwa kuelekea kwenye kaakaa. Katika lugha ya kaskazini sauti hiyo hatimaye ikawa ch, nayo ndiyo chá ya Beijing. Guangzhou, mji wa kusini, pia wana chàh. Lakini lugha za pwani ya Fujian ziliachana na nyingine kabla ya ulimi kupindwa, na huko chai ni tê mpaka leo.

Waholanzi walinunua chai kwa watu wa pwani hiyo, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi ina neno lenye t. Wareno walikuwa Macau, wakachukua chá. Kwa njia ya nchi kavu neno likafika Uajemi likiwa chāy, likaingia India, Waarabu wakalisema shāy, na kwetu likatua chai. Wafaransa walipeleka Madagaska neno lao, nalo limebaki dite. Muunguja akisema chai na Mmalagasi akisema dite, kisiwa kwa kisiwa, wote wawili wanatamka herufi iliyokuwa ubavuni mwa kopo la bibi.

Ukifika Japani utapata matamshi zaidi ya moja, na wanaoanza huchanganyikiwa hapa. Herufi 茶 husomwa cha katika maneno mengi na sa katika mengine, na kamusi kubwa huongeza ta na da. Msomaji wa Zanzibar hana sababu ya kushangaa. Sisi tunasema skuli na wenzetu wa Bara wanasema shule. Ya kwanza tumeipata kwa Waingereza na ya pili wao wameipata kwa Wajerumani, lakini maneno hayo ni ndugu wa mama mmoja aliyeingia kwa milango miwili. Tunasema afisi, wao husema ofisi. Wajapani waliyapokea maneno ya Kichina kwa mawimbi, karne kwa karne na kutoka miji tofauti, na kila wimbi liliacha matamshi yake. Unapoandika daftarini usiandike "Kijapani: cha" tu, andika matamshi yote, na mbele ya kila moja uweke neno moja linaloyatumia.

Kuna safu nyingine ya kutazamwa katika kamusi ya Kijapani, nayo ni ya matamshi ya asili, yaani neno la Kijapani lenyewe lililopachikwa kwenye herufi. Herufi ya mti, kwa mfano, ina neno lake la asili kwa sababu Wajapani walikuwa na miti kabla ya kuwa na maandishi. Herufi ya chai haina neno la asili linalotumika. Nafasi hiyo kuwa tupu ni ushahidi kwamba kinywaji na jina vilishuka bandarini pamoja, kama vile sisi tusivyokuwa na neno la Kibantu la chai.

Korea wana cha na da, na Vietnam wana trà na chè. Katika nchi zote mbili herufi zenyewe zimepungua sana katika maisha ya kila siku, kwani Wakorea wana alfabeti yao iliyotangazwa mwaka 1446 na Wavietnam huandika kwa herufi za Kilatini. Kwa sababu hiyo huko utatafuta kwa neno badala ya umbo. Hifadhi ya Unihan, iliyo wazi katika intaneti, hukupa matamshi ya nchi hizi kwa kuandika ile namba uliyoinakili mwanzoni.

Maana hukaa katika maneno ya pamoja

Ukiifungua kamusi ya lugha yoyote kati ya hizi utaambiwa kuwa 茶 ni chai, na ukiishia hapo hujapata kitu. Maana halisi huonekana pale herufi inapoungana na nyenzake, kwa hiyo kwa kila lugha kusanya maneno ya pamoja yasiyopungua kumi, uyatafsiri neno kwa neno, kisha uangalie ni lipi limehama.

Chukua neno lenye herufi tatu, 茶飯事, ambalo kwa tafsiri ya moja kwa moja ni "jambo la chai na wali". Korea husomwa dabansa na Japani sahanji, na kote huko ni jambo la kawaida la kila siku, lisilomshtua mtu. Da ya Korea na sa ya Japani zimekaa mahali pamoja katika neno moja, na mwanafunzi akiziona hivyo pamoja hazimpotei tena.

Japani, chairo, "rangi ya chai", ndilo jina la kawaida la rangi ambayo sisi tunaiita kahawia. Neno letu nalo limetoka kwenye kahawa. Wao waliitazama rangi hiyo kupitia buli, sisi kupitia dele la kahawa la barazani, na tukafika pamoja. Chawan, "bakuli la chai", leo ni jina la bakuli la kulia wali. Chanoma, "chumba cha chai", ni sebule ya familia, na si lazima chai inywewe humo. Korea wana charye, "ibada ya chai", ambayo hufanyika mbele ya kumbukumbu za wazee waliofariki katika siku za Chuseok, sikukuu ya mavuno, na mwaka mpya, na kwa kawaida kinachomiminwa siku hizi ni pombe ya mchele, wala si chai. Neno limebaki na kinywaji kimebadilishwa.

China kusini, zǎochá ni "chai ya asubuhi", na anayealikwa zǎochá Guangzhou ajue kuwa ataletewa sahani baada ya sahani za vitafunio. Sisi pia tunasema "njoo unywe chai" tukiwa na maana ya mandazi, chapati, mbatata na pengine samaki wa kukaanga. Suzhou, katika jimbo la wale madaktari wetu, watu husema 吃茶, yaani "kula chai", na herufi ya kwanza katika umbo lake la zamani, 喫, ndiyo ile ile iliyomo katika neno la Kijapani kissaten, mkahawa wa kunywea chai na kahawa. Siku hizi China "kuitwa kunywa chai" huweza kuwa na maana ya kuitwa na polisi kuhojiwa. Msomaji anayejua maana ya chai inayoombwa chini ya meza hapa kwetu ataelewa haraka kwamba kinywaji cha ukarimu hugeuzwa kuwa tafsida kokote kilipo.

Angalia pia herufi inapotoka nje ya mmea wake. Mugicha ya Japani na boricha ya Korea hutengenezwa kwa shayiri iliyokaangwa, bila ya hata jani moja la chai. Tusiwacheke, kwani mchaichai uliopandwa nyuma ya nyumba zetu si mchai, na jina lake umepewa kwa kazi unayofanya birikani. Kipengele cha maana hapa ni kwamba 茶, kama "chai" yetu, imekuwa jina la namna ya kunywa: majani, mizizi au nafaka katika maji ya moto.

Vietnam panahitaji uangalifu. Kaskazini chai huitwa chè na kusini huitwa trà, lakini nchi nzima chè ni pia jina la vitamutamu vya maharage, mihogo au matunda katika sukari. Chè chuối, yenye ndizi na tui la nazi, ingepokewa vizuri kwenye futari yoyote ya Pemba. Usikimbilie kuchora mshale kutoka kwenye kikombe mpaka kwenye bakuli hilo kwa sababu tu sauti ni moja. Sisi tuna kaa la moto, kaa wa pwani na kukaa kitako, na hakuna anayedai kuwa ni ukoo mmoja. Sauti ikilingana, andika kwa penseli. Wino usubiri maandishi ya zamani.

Tahadhari ya mwisho katika sehemu hii ni ya herufi ambazo sura ni moja na maana zimeachana. 湯 Japani ni maji ya moto na China ni mchuzi wa supu. 椿 Japani ni mti wa ua liitwalo tsubaki, ambao ni jamaa wa mchai, na China ni mti mwingine kabisa. Kila lugha ifunguliwe kamusi yake.

Pale herufi inapobeba sauti tupu

Lile bamba la mwaka 855 lina siri niliyoiacha makusudi. Neno lililomo, 茶毗, halihusu chai hata kidogo. Ni neno la dini ya Budha la kuchoma maiti, lililochukuliwa kutoka lugha za India na kuandikwa kwa herufi zilizokaribiana nalo kwa sauti. Ushahidi wa umbo la herufi ya chai, kwa hiyo, unatoka kwa sehemu kwenye maandishi ya mazishi. Japani nako kuna mucha, 無茶, ambalo kwa tafsiri ya vipande ni "pasipo chai" na katika matumizi ni jambo lisilo na mpango wala kiasi. Wapo wanaosimulia kisa kizima cha mgeni aliyenyimwa chai. Kamusi za Kijapani zinasema kwa ufupi kuwa herufi hizo zimepachikwa kwa ajili ya sauti.

Jaribio jepesi la kujikinga ni hili: lisome jina la visiwa vyetu. Kwa Kichina Zanzibar ni 桑给巴尔, Sāngjǐbā'ěr, na herufi ya kwanza ni mforsadi, ule mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri. Pemba ni 奔巴, na herufi ya kwanza ni kukimbia. Mtu angeweza kukaa barazani na kueleza kwa ustadi jinsi Wachina walivyoikuta Unguja imejaa miforsadi na Wapemba wakikimbia. Ukiona kwamba neno ni jina la mahali, la mtu au la kitu cha kigeni, weka maana ya vipande kando mpaka upate sababu ya kuirudisha.

Herufi ya kujipima nayo

Baada ya chai, jipime kwa herufi iliyozikwa katika ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1945, Kajengwa karibu na Makunduchi, zilifukuliwa sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Sarafu za aina hiyo zina tundu la mraba katikati na herufi nne kulizunguka. Zipo zisomwazo juu, chini, kulia, kushoto, na zipo zisomwazo kwa kuzunguka, lakini katika njia zote mbili herufi ya mwisho ni ile ya kushoto, nayo kwa kawaida ni 寶, yenye maana ya hazina. Ukiwa na picha ya sarafu na hujui pa kuanzia, igeuze mpaka 寶 ikae kushoto.

Ifuate kwa hatua zilezile. China husomwa bǎo, Korea bo, Vietnam bảo, na Japani hō. Hapa Japani pana neno la asili, takara, ambalo chai haikuwa nalo, na sasa unajua namna ya kuisoma tofauti hiyo. Utaikuta katika sarafu za Kan'ei tsūhō zilizoanza kupigwa Japani mwaka 1636 na katika Sangpyeong tongbo za Korea, na utamkuta na pacha wake, 寳, wa kukuchanganya. Katika Shuowen Jiezi utaona imegawanywa vipande vinne: paa, jiwe la thamani, 缶 ambayo ni chungu na imewekwa kwa ajili ya sauti, na 貝.

Hiyo 貝 ndiyo picha ya kweli, na mifupa ya ramli inayo: ni kauri, simbi yetu ya pwani, iliyokuwa kitu cha thamani katika China ya kale. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua kauri kwa wingi hapa Zanzibar na kuzipeleka Afrika ya Magharibi, ambako zilitumika kama fedha, na katika Kiswahili neno hilohilo la kauri ni jina la udongo mweupe wa vikombe kutoka China. Lakini anza na umbo la zamani. Umbo linaloandikwa leo katika China bara na Japani ni 宝, lenye paa na jiwe tu, na anayeanzia hapo hatakutana na kauri kabisa.